Mwacheni kijana akae mtaani

Vijana wa Kimormoni, kanisa lililoanzia Marekani, wanaotumwa kuhubiri kwa Kihispania hapa Houston wanahamishwa haraka mno, na kwa mtaa kama wetu jambo hilo linawaharibia kazi kuliko joto, mbwa na milango inayofungwa. Nasema kama jirani tu. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, sina changu katika kanisa lao, na wakibisha hodi kwangu nawapa maji ya baridi tunaongea mpira, basi. Ila ukikaa Gulfton, mtaa wetu, huwezi kutowaona.

Kwa asiyeujua mtaa huu, magorofa yake mengi yalijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya vijana waliokuja kuchuma pesa za mafuta. Bei ya mafuta ilipoporomoka miaka ya 1980 wale wakatawanyika, wenye nyumba wakashusha kodi, wakaingia watu wa El Salvador, Guatemala na Honduras waliokuwa wakikimbia vita na ufukara. Sisi Waafrika, Wakongo hasa, tumekuja nyuma yao.

Huyo kijana anayetumwa mara nyingi ana miaka 18 au 19. Anatumikia miaka miwili bila mshahara, na familia yake ndiyo inayochangia: kwa Wamarekani ni dola 500 kwa mwezi tangu 2020. Hachagui mji wala lugha. Anaweza kuwa mtoto wa shamba kutoka Idaho, akafundishwa Kihispania kwa wiki chache pale Provo, Utah, halafu huyo, Texas. Nikiwaona nawakumbuka watu wa tabligh kwetu, wahubiri wa Kiislamu wanaotoka siku 40 kwa nauli yao wenyewe. Lakini mtu wa tabligh analala msikitini, na kila mtu anajua ni mgeni wa siku chache. Hakuna anayemzoea akaja kumkosa.

Siku yake inaanza saa 12:30 asubuhi. Anasoma, anafanya mazoezi ya lugha, kisha anatoka na mwenzake (haruhusiwi kuwa peke yake) mpaka karibu saa tatu usiku. Tatizo ni kwamba mchana mtaani hakuna mtu. Wanaume wako juu ya mapaa ya watu wanaezeka, wanawake wanasafisha nyumba za watu au wako jikoni hotelini. Kazi ngumu za ughaibuni kama hizi sisi tunaita kubeba maboksi. Wao wana jina lao, mgongo unauma vilevile. Wanarudi jioni, na muda wao wa kupika, kuoga na kujinyoosha ndio muda pekee ambao kijana anaweza kuwapata.

Na hodi yenyewe siku hizi ni balaa. Tangu 2011 maofisa wa uhamiaji walikuwa na mwongozo wa kutokamata watu makanisani, shuleni na hospitalini ila kwa sababu nzito. Januari 2025 serikali ya Trump ilifuta kinga hiyo. Kwenye mikutano ya mtaa watu wanafundishwa wasifungue mlango mpaka waone hati iliyosainiwa na jaji. Sasa wapange vijana wawili weupe, nywele fupi, shati jeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani, wanagonga mlango saa mbili usiku! Nimewahi kuwa kwenye ngazi nikasikia televisheni inazimwa ghafla ndani, mtoto ananyamazishwa, na wale wawili nje wamesimama na tabasamu lao wakisubiri. Wakaandika kitu kwenye simu, wakaenda mlango unaofuata. Hawajafika hata mwisho wa korido, televisheni ikawashwa.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja wa Honduras, naye alikuwa hafungui. Kilichomfungulisha ni friji. Alinunua ya mtumba, muuzaji akaitua chini akaondoka, na lifti hatuna. Kijana mmoja wa wale, mrefu, Kihispania chake cha kubabaisha, akavua tai, akaifungia mfukoni, tukaibeba yeye, mwenzake na mimi mpaka juu. Shati likawa kama limetolewa kwenye ndoo. Mama akapika baleada, chapati za kwao za kukunja na maharage, tukala wote. Akamuuliza mama yake yuko wapi na wanaongea mara ngapi. Kijana akasema kila wiki, siku yao ya kufua na kununua mahitaji. Hadi mapema 2019, wamisionari waliruhusiwa kupiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Mama tu. Yule mama alisikitika kama kapewa habari ya msiba. Yeye mama yake mwenyewe anamwona kwenye simu miaka yote, maana akienda kumsalimia, kurudi ni bahati nasibu. Kijana akimaliza miaka yake miwili anapanda ndege na kupokewa uwanjani kwa mabango. Mama hakulitaja hilo, nalitaja mimi.

Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Kijana akamshawishi mama aende darasa la Kiingereza la bure kanisani kwao, akawa anamsaidia kusoma barua za shule ya mtoto. Kisha ukaja uhamisho. Hupangwa kila wiki sita hivi. Si wote wanaondoka kila mara, lakini ikipita miezi michache zamu inakufikia. Aliaga jioni, kesho yake kaja mwingine, msafi, mwenye adabu, na maswali yaleyale: unaitwa nani, umetoka nchi gani, una watoto wangapi. Anawauliza watu ambao kwa sasa hawataki kabisa kuulizwa wametoka nchi gani.

Najua sababu zinazotolewa. Kijana akikaa sana atajenga kijiji chake, atazembea, atampenda binti wa watu. Na kazi ni ya kanisa, si yake. Si hoja za kubeza. Mimi pia nimewahi kuwa na miaka 19. Lakini watazame wanaojaza viti huku kwetu: Wapentekoste wa kwenye fremu za maduka, katikati ya kinyozi na fundi wa matairi. Mchungaji wao mchana anaezeka, usiku anahubiri, na naye alivuka mpaka kuingia Marekani kama wao. Wamaya, wenyeji wa asili wa Totonicapán, Guatemala, waliohamia Houston kwa wingi miaka ya 1980, wengi wana makanisa ya namna hiyo. Kwa wengi wao Kihispania ni lugha ya pili, sawasawa na huyo kijana wa Idaho.

Watu wenyewe wa kuhubiriwa wapo. Utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulionyesha kuwa watu wazima wa asili ya Amerika ya Kusini na Kati waliopo Marekani walikuwa Wakatoliki asilimia 67 mwaka 2010, na 43 mwaka 2022. Wasio na dini yoyote walipanda kutoka 10 hadi 30. Maana yake wengi wanatoka kanisani bila kuingia kwa mwingine.

Kwa hiyo ningewaomba wakubwa wao waigawe ile miaka miwili mara mbili tu. Mwaka mzima Gulfton, mtu yuleyule. Atajua nani anafanya kazi usiku asigongewe mchana, atagombana na mlinzi wa geti, Kihispania chake kitaanza kunuka Tegucigalpa, mji mkuu wa Honduras. Na kama hofu ni kwamba atawazoea watu kupita kiasi, wawaulize hao watu kwanza kama wao wanaliona hilo kuwa tatizo.