Wahadhiri, anzeni na gama

Mwanafunzi anayemaliza kozi ya nadharia ya uwezekano huondoka na kanuni moja kichwani: jumlisha namba nasibu N zisizotegemeana, na jumla itayumba kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha N. Kanuni hiyo ni ya kweli na imefanya kazi kubwa. Lakini ipo familia nzima ya mifumo isiyoitii, na naamini mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuonyeshwa mmoja wao kwa uthibitisho, badala ya kusimuliwa tu kwamba upo. Ninaozungumzia ni polima yenye mwelekeo, yaani modeli ya njia kwenye gridi yenye uzito nasibu.

Chora gridi, kila kituo ukipe uzito nasibu ulio chanya. Njia inaanza kona ya chini kushoto na kila hatua inakwenda kulia au juu, hairudi nyuma. Uzito wa njia ni zao la uzito wa vituo vyote ilivyopitia. Jumlisha uzito wa njia zote zinazofika kituo fulani, jumla hiyo uiite Z, kisha chukua logi yake. Gridi ikikua, logi hiyo inayumba kiasi gani?

Huse na Henley walileta mfumo huu mwaka 1985 wakichunguza mpaka kati ya sehemu mbili za sumaku yenye uchafu ndani yake. Mwaka uliofuata Kardar, Parisi na Zhang walitoa mlinganyo wa uso unaokua, na vipeo vikajulikana: logi ya Z huyumba kwa N yenye kipeo 1/3, na njia yenyewe hutanga mbali na mstari ulionyooka kwa N yenye kipeo 2/3. Weka N kuwa milioni moja uone. Kanuni ya darasani ingekupa 1,000 kwa vyote viwili. Hapa logi inayumba kama 100 tu, na njia inatanga kama hatua 10,000. Njia inakwenda mbali kutafuta vituo vyenye uzito mkubwa, na uhuru huo wa kuchagua ndio unaopunguza kuyumba kwa jumla.

Wanafizikia waliamini hayo mapema. Wanahisabati walichelewa, na walipofika walikuja na zana nzito: mgawanyo wa Tracy na Widom wa mwaka 1994, kisha kazi ya Baik, Deift na Johansson ya mwaka 1999 kuhusu mpangilio nasibu wa namba. Ni kazi nzuri mno. Ila anayeanzia hapo hukutana na ditaminanti za Fredholm na matrisi nasibu kabla hajaelewa kwa nini 1/3 na si 1/2, na wengi hukata tamaa wakidhani jambo lote ni la mabingwa.

Mlango mwingine upo tangu mwaka 2012. Timo Seppäläinen wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison alichagua uzito ambao kinyume chake, yaani moja ukigawanya kwa uzito huo, kinafuata mgawanyo wa gama, mmoja wa migawanyo inayojulikana ya namba nasibu chanya. Tazama mraba mmoja mdogo wa gridi. Upande wa chini una namba a na wa kushoto una namba b, kila moja ikiwa ni uwiano wa Z mbili jirani, ya nyuma kwa ya mbele. Kona ya juu kulia ina uzito, na kinyume chake ni y. Ukifanya hesabu, upande wa juu unapata y mara a/(a+b), na wa kulia unapata y mara b/(a+b). Basi! Ni kama washirika wawili waliochanga mtaji: faida mpya inakuja, wanagawana kwa uwiano wa michango yao.

Sasa, kama a na b ni za gama zisizotegemeana, jumla yao haitegemei uwiano wao. Lukacs alithibitisha mwaka 1955 kwamba gama peke yake ndiyo yenye sifa hiyo. Kwa hiyo ukiitupa jumla ya zamani na kuweka y, ambayo ni gama yenye kigezo sawa na vigezo vya a na b vikijumlishwa, namba mbili mpya zina mgawanyo uleule wa mwanzo na bado hazitegemeani. Rudia mraba kwa mraba, gridi nzima inabaki hivyo. Inaitwa sifa ya Burke, kwa heshima ya aliyethibitisha mwaka 1956 jambo la aina hiyo kuhusu foleni za wateja.

Kutoka hapo variansi ya logi ya Z, yaani mraba wa kiasi inachoyumba, inaandikika wazi. Ina sehemu mbili kubwa zinazokua kwa kasi ya N, moja ya kujumlisha na moja ya kutoa. Ukichagua mwelekeo ufaao zinafutana, na kinachobaki kinapima umbali ambao njia hutembea ukingoni kabla ya kuingia ndani ya gridi. Nikiulizwa kitu kimoja cha kumwonyesha mwanafunzi, nitachagua hapa: variansi ya logi na kutanga kwa njia ni kitu kimoja kwa ukubwa. Kila kimoja kinambana mwenzake mpaka vyote viwili vinatua kwenye N yenye kipeo 2/3, na kipeuo cha pili cha namba hiyo ndicho N yenye kipeo 1/3.

Najua pingamizi. Njia hii inatoa kipeo, haitoi umbo la mgawanyo. Kwa modeli hii, umbo la Tracy na Widom lilithibitishwa na Borodin, Corwin na Remenik mwaka 2013 kwa fomula kubwakubwa. Nakubali, na fomula hizo zifundishwe. Zije za pili.

Kuna sababu nyingine ya kupanga hivyo. Mwaka 2018 Chaumont na Noack walionyesha kwamba, chini ya masharti yao, modeli za msingi zenye uthabiti wa namna hii ni nne tu, zote zinatokana na gama na mgawanyo mwingine uitwao beta, na wakazipatia zote nne kipeo 1/3 kwa hoja moja. Aliyepitia mraba wetu mdogo anaelewa papo hapo kwa nini orodha ni fupi. Na anaelewa pia ugumu uliobaki: weka uzito wa kurusha sarafu, kila kituo 1 au 2, kompyuta itakuonyesha 1/3 ileile, wakati uthibitisho kwa uzito wa namna hiyo haujapatikana.