Mwacheni Achore Kayole

Jumamosi iliyopita kijana wa ploti yetu alirudi kutoka mjini na picha zake tatu zikiwa zimefungwa kwa shuka, vile vile alivyoondoka nazo. Alikuwa amezipeleka kwa duka linalouzia wageni michoro. Mwenye duka alimsifia mkono wake, kisha akamwambia aende alete Wamaasai, twiga, na jua likizama.

Kijana huyu hajawahi kukanyaga mbuga ya Amboseli. Amezaliwa Kayole, mtaa wa hapa Nairobi, amesomea Kayole, na kwenye shuka ile kulikuwa na Kayole: mamake akiinamia karai la mandazi kabla hakujapambazuka, mitungi ya maji ya manjano imepangwa kwenye ngazi, na shati la shule limeanikwa kati ya gorofa mbili. Ukilitazama shati lile kwenye kola unajua limepitia kwa ndugu wangapi. Nimekasirika, na wiki nzima hasira haijaisha.

Jioni hiyo nilimfungulia picha za mchoraji Andrew Wyeth kwenye simu. Mmarekani huyo alizaliwa Chadds Ford, Pennsylvania, mwaka wa 1917, akafia huko huko Januari 2009 akiwa na miaka 91. Karibu kila alichokichora kilitoka sehemu mbili: vilima vya kwao, na Cushing, pwani ya Maine, alikokaa wakati wa kiangazi. Maisha yote, sehemu mbili! Na hakuzimaliza.

Mwaka wa 1945 treni iliigonga gari la babake kwenye kivuko cha reli karibu na nyumbani. Mzee akafa, pamoja na mjukuu aliyekuwa naye. Wyeth hakuwa amewahi kumchora babake. Majira ya baridi yaliyofuata akachora mvulana anateremka mbio kwenye kilima kilichokauka, akaiita Winter 1946. Upande wa pili wa kilima hicho ndipo treni ilipopita. Mgeni akiitazama picha hiyo ataona mvulana na nyasi. Yeye alikuwa anamzika babake. Kilima cha kukodi, kilima ulichoambiwa na mwenye duka, hakiwezi kukubebea msiba wa namna hiyo.

Halafu kuna Christina Olson wa Cushing, jirani yake, ambaye miguu ilimkatalia. Kiti cha magurudumu hakukitaka. Alitambaa, hata shambani. Mwaka wa 1948 Wyeth alimchora kwa mgongo, amevaa nguo ya waridi, ameinua kichwa kuitazama nyumba yake iliyo mbali juu ya mteremko. Museum of Modern Art ya New York iliinunua Christina's World kwa dola 1,800, na sasa wanaitambua hata watu wasiojua jina la mchoraji. Ameichora kwa tempera, unga wa rangi uliochanganywa na kiini cha yai na maji, rangi inayokauka haraka na kukulazimisha uende mstari mwembamba juu ya mwembamba, unyasi kwa unyasi. Kazi ya namna hiyo inataka miezi. Nani ataipa nyasi asizozijali miezi?

Kwao Chadds Ford kulikuwa pia na kijiji kidogo cha watu weusi walichokiita Little Africa. Huko alimchora mzee Tom Clark ameketi kwake, akaiita picha hiyo That Gentleman. Hakumtafutia mkuki.

Mtaniambia babake, N. C. Wyeth, alikuwa mchoraji wa vitabu mwenye jina kubwa, na kwamba mtoto alishika brashi bila kuwaza kodi ya nyumba. Ni kweli, na inaniuma kuikubali. Kijana wangu kodi inamngoja tarehe tano. Akichora twiga wawili mwezi huu ili wasifungiwe mlango, sitamlaumu.

Ninaowalaumu ni sisi wa hapa Nairobi tunaotundika sebuleni machweo ya mbuga tusizozijua, halafu mama mboga aliyetulisha tangu utotoni hana hata picha moja ukutani kwa mtu. Patrick Mukabi amewachora kina mama wa sokoni miaka mingi, wakubwa, wamejaa turubai nzima. Wanunuzi wake wangapi wanatoka mitaa yetu?

Ya mandazi nimeinunua mimi, kwa awamu mbili. Tukiwa tunaitundika, kijana akaomba tena ile picha ya Christina, akaivuta hadi nyumba ikajaa kioo cha simu, akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya Christina na ndugu yake Alvaro, na kwamba Wyeth aliingia na kutoka humo miaka karibu thelathini, hadi wote wawili walipokufa. Yeye mwenyewe amezikwa karibu nao.

"Kwani alikuwa mtu wao, anti?"

"Hapana. Jirani."