Athens ya Ohio: mgeni hapa ni nani?

Ukitembea Court Street, mtaa mkuu wa Athens kule kusini mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani, unakanyaga matofali sio lami, na mengine ukiinama unasoma "Athens Block", chapa ya kiwanda cha hapohapo enzi za matofali na makaa ya mawe. Enzi hizo zimeisha, kilichobaki kuubeba mji ni Ohio University. Mji una watu karibu 24,000 na wengi wao ni wanafunzi, ndo maana kuna ugomvi usioisha: hivi kweli mtoto anayekaa miaka minne kisha anasepa amchagulie mzee wa watu meya na diwani?

Wakazi wana hoja, tusiwabeze. Chuo ni mali ya jimbo, majengo yake ya kufundishia hayalipi kodi ya majengo, ila kengele ya moto ikilia hosteli saa nane usiku wanaokimbia ni zimamoto wa mji. Halafu nyumba. Mwenye nyumba akipata wanafunzi wanne kila mmoja akalipia chumba chake, familia yenye mshahara mmoja itashindana vipi? Muhula ukiisha masofa yanatupwa kando ya barabara, mengine bado mazima kabisa, na anayebaki kuyaangalia ni jirani. Mwaka 2017 wapiga kura wa mji walipitisha faini ya bangi kidogo iwe dola sifuri, na mzee asiyependa hiyo habari atakwambia tu ni watoto wa chuo hao.

Lakini sasa turudi nyuma kidogo maana historia inaleta utani hapa. Kabla ya mji kulikuwa na ardhi, ya Washawnee, watu wa asili wa hapo, na wenzao, kisha miaka ya 1780 serikali ya Marekani ikaruhusu tarafa mbili nzima, kama ekari 46,000, zitengwe kwa ajili ya chuo, chuo chenyewe kikapata hati yake 1804 na walowezi wakawa wapangaji kwenye ardhi ya chuo, kodi yao ndo ilikuwa ya kukiendesha. Kwa hiyo kama ni kuulizana nani alimkuta nani, wenyeji watulie kwanza.

Na hoja inayonishika mimi zaidi ni sensa. Mwanafunzi anahesabiwa pale anapolala mwaka mwingi, yaani Athens, hata 2020 korona ilipowarudisha kwa wazazi walitakiwa kuhesabiwa hapo, na idadi hiyo ndo inatumika kugawa pesa za serikali na viti vya bunge. Sasa huwezi kumhesabu mtu wakati wa kula halafu wakati wa kura ukamwita mpita njia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalimaliza hilo 1979 kwenye kesi ya Texas, kwamba mwanafunzi ana haki ya kupiga kura anakosoma. Na si kwamba ya mji hayawahusu, Mei 1970, siku chache baada ya wanafunzi wanne kupigwa risasi na askari kwenye chuo cha Kent State hukohuko Ohio, Athens kulikuwa na vurugu, chuo kikafungwa na National Guard, askari wa akiba wa jimbo, wakaingia mitaani. Uliza nani alilazimika kufunga virago.

Hiyo kodi ya majengo kweli inauma, japo mji nao unakata kodi kwenye mishahara ya wafanyakazi wa chuo, hilo huwa halisemwi sana. Ila deni hilo mdaiwa wake yuko Columbus kwenye bunge la jimbo, sio binti wa miaka 19 anayepanga chumba Mill Street.

Na hofu yenyewe imekuzwa. Uchaguzi wa mji unafanyika miaka kama 2019, 2021, 2023, hamna rais kwenye karatasi, na kwa kuwa Athens ni ya Wademokrati mara nyingi mshindi anajulikana kwenye mchujo wa chama chao wa Mei. Mapema Mei mitihani imeisha, hosteli zinafungwa, na huyo mpiga kura anayeogopwa yuko kwenye gari la baba yake na sanduku la vitabu miguuni.