Sensa ya Oksijeni: Akiba Haiko Kwenye Spana

Taa ya injini iliwaka kwenye Toyota ya jirani yangu hapa Tabata, Dar es Salaam. Alikwenda kupimiwa gari kwa mashine, akaambiwa sensa ya oksijeni imekufa, akatajiwa bei, akarudi nyumbani kimya. Usiku ule alikesha na simu akiangalia video za Wamarekani wanaobadilisha sensa kwa dakika ishirini. Asubuhi akaazima spana namba 22, akaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kununua sensa, na jioni akaifunga mwenyewe chini ya mwembe. Taa ikazimika. Siku ya tatu ikawaka tena.

Sensa aliyoifunga haikuwa mbovu wala feki. Ilikuwa ya gari lingine. Nyuzi zake za kukazia ziliingia kwenye tundu vizuri, soketi ikashika, lakini kompyuta ya gari ilikuwa inasubiri lugha nyingine.

Kisa hicho kimerudisha kijiweni kwetu ubishi wa siku nyingi. Wapo wanaosema kazi ya kufungua kitu kimoja na kufunga kingine haihitaji fundi, na kumpa fundi hela kwa kazi hiyo ni kutupa pesa. Wapo wanaosema gari si baiskeli, mwachie mwenye kazi yake. Nimekaa pande zote mbili kwa miaka tofauti, na ninaona wote wanabishania sehemu isiyo na pesa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kinafanana na plagi, kimefungwa kwenye bomba la ekzosi, ncha yake ikiwa ndani ya moshi. Ndani ya ncha kuna kauri ya zirkonia. Ikishapata joto la nyuzi 300 na zaidi, kauri hiyo hutoa umeme mdogo kulingana na oksijeni iliyobaki kwenye moshi: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta husoma volti hizo, kisha huongeza au hupunguza petroli ili mchanganyiko usiende mbali na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Bosch waliiingiza sokoni mwaka 1976 kwenye Volvo zilizokwenda Marekani, wakati California ilipokuwa imebana sheria za moshi. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani yana sensa mbili, moja kabla ya sega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, na nyingine baada yake. Ya kwanza ndiyo inayoongoza petroli. Ya pili kazi yake kubwa ni kuchungulia kama sega bado linasafisha moshi.

Tofauti hiyo ya kwanza na ya pili ina maana kubwa mfukoni. Sensa ya kwanza ikifa, kompyuta hurudi kwenye kipimo chake cha kukariri, na mara nyingi humimina petroli kupita mahitaji. Wizara ya Nishati ya Marekani huwaambia madereva kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa mbovu ya oksijeni kunaweza kuboresha ulaji wa mafuta kwa hadi asilimia 40. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, lakini hata chini ya hapo kunauma. Chukua gari lililokuwa likienda kilomita 12 kwa lita, sasa linakwenda 9. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, umeongeza karibu lita 28. Lita ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni zaidi ya 80,000 kila mwezi. Sensa ya pili ikifa, kwa kawaida matumizi ya mafuta hayabadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mtu anayeniambia gari linakula mafuta, kisha akanionesha kwamba alichobadilisha ni sensa ya nyuma ya sega, nasikitika naye, kwa sababu najua tatizo lake bado liko palepale.

Basi wanaosema badilisha mwenyewe wana hoja. Kusubiri kunagharimu, na kazi yenyewe, ukiitazama kwa macho, ni ndogo: chomoa soketi, legeza kwa spana, toa, rudisha mpya. Wana hoja ya pili ambayo mafundi hawapendi kuisikia. Gereji nyingi za mitaani zinapiga ramli. Mashine ikiandika neno "sensa", sensa inabadilishwa. Isipopona, wanabadilisha nyingine. Nimeona nyaya za sensa zilizokatwa na kuungwa kwa mkanda mweusi, na nimeona taa ya dashibodi iliyozibwa ili mteja aondoke akiwa na furaha. Mtu aliyeumwa na hayo ana haki ya kuinama mwenyewe chini ya gari lake.

Ila hesabu ya zile video haiko hapa. Kule Marekani saa moja ya fundi hupita dola 100 kwenye gereji nyingi, hivyo anayefungua sensa mwenyewe anaokoa pesa nyingi za mkono wa mtu. Hapa kwetu mkono wa mtu ndio bei nafuu kuliko vyote. Fundi mmoja wa Ilala aliniambia mwaka jana, "Kufungua ni elfu kumi, kaka. Sensa yenyewe ndiyo pesa." Nimelikumbuka neno lake mara nyingi. Ukijifungia mwenyewe umeokoa hiyo elfu kumi. Ukinunua sensa isiyohitajika, au isiyo yake, umepoteza mara kumi au ishirini ya hiyo.

Na ile elfu kumi ina vitu ndani yake. Sensa iliyokaa miaka kumi na mitano kwenye bomba la moto imeshikana na chuma kama imechomelewa. Inalegea vizuri injini ikiwa na uvuguvugu, lakini uvuguvugu huo uko hatua chache tu kabla ya kuungua mkono. Spana ya kawaida huteleza na kuumiza kona za nati. Inatakiwa soketi yenye mkato wa kupitisha waya, au spana ya upande uliozibwa, pamoja na mafuta ya kulegeza kutu yaliyolala usiku kucha. Nyuzi za tundu zikitoka pamoja na sensa, mwenye gari hana la kufanya pale uani, ila fundi ana tapu ya milimita 18, chuma cha kuchongea nyuzi upya, na anajua kuitumia. Kisha kuna jambo la kulala chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi kamwe. Kama huna stendi imara za kuegemeza gari, au shimo la gereji, hoja ya kuokoa pesa iishie hapohapo. Na usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa ili ipate joto, maana gesi ya kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi huo haina harufu ya kukuonya kabla haijakulaza.

Kwa hiyo mkono naweza kumwachia fundi bila kinyongo. Nisichomwachia ni kipimo na ununuzi, na hapo ndipo ningependa kila mwenye gari akazane.

Namba inayotoka kwenye mashine ni malalamiko ya kompyuta, na malalamiko si hukumu. P0135 inasema kipasha joto cha sensa ya kwanza, kile kinachoipatia kauri joto lake, kina hitilafu kwenye saketi yake. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa fyuzi, inaweza kuwa waya ulioliwa na panya. Multimita ya bei ndogo, yaani kipimo cha umeme, inamaliza ubishi: chomoa soketi ya sensa ikiwa baridi, pima ukinzani wa pini mbili za kipasha joto. Kwenye Toyota nyingi sensa ya oksijeni ya kawaida inatakiwa kusoma kati ya omu 11 na 16. Ikisoma hivyo, kipasha joto ni kizima, nenda kwenye fyuzi na waya kabla hujatoa senti. P0171 inasema hewa imezidi, na watu wengi huuziwa sensa kwa namba hiyo. Lakini hapo sensa huenda inasema kweli: kuna bomba la hewa lililopasuka nyuma ya kichujio, au ekzosi inavuja kabla ya sensa na kunyonya hewa ya nje, au plagi moja haichomi na oksijeni yake inapita bila kutumika. Kubadilisha sensa hapo ni kumfukuza shahidi kwa sababu umechukia ushahidi.

P0420 ndiyo inayonisikitisha zaidi. Hiyo inahusu sega, si sensa. Mjini kwetu masega yanauzika kwa sababu yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na magari mengi yamekatwa sega kabla au baada ya kufika kwa mmiliki wa sasa bila yeye kujua. Sensa ya pili inaona moshi mchafu na kupiga kelele. Unaweza kufunga sensa tatu mpya na kelele itaendelea.

Kifaa kidogo cha ELM327, kinachochomekwa chini ya usukani na kuonesha kwenye simu kile kompyuta ya gari inachosoma, hakifanyi kazi kwa kila gari la Japani, hasa yale ya zamani, lakini kikikubali ni macho ya ziada. Tazama volti za sensa ya kwanza injini ikiwa ya moto na inazunguka mara 2,500 kwa dakika. Sensa nzima ya aina ya kawaida hupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 bila kupumzika, mara nane au zaidi kwa sekunde kumi. Ikiwa imelala kwenye namba moja, au inajivuta, sasa una sababu ya kwenda dukani.

Na dukani ndiko jirani yangu alikopotelea. Toyota wana aina mbili zinazofanana kwa sura. Ya kawaida, sensa ya oksijeni, namba yake huanza na 89465. Nyingine ni sensa ya uwiano wa hewa na petroli, hupima kwa upana zaidi na kwa mkondo wa umeme, na namba yake huanza na 89467. Hazibadilishani. Hata kipasha joto chake ni tofauti: hiyo ya 89467 kwa kawaida husoma kati ya omu 1.8 na 3.4 tu ikiwa baridi, hivyo mwenye multimita anaweza kuzitambua akiwa bado kaunta. Ukienda kununua kwa kutaja jina la gari na mwaka, muuzaji atakupa kinachofanana, na hutamlaumu, kwa sababu wewe mwenyewe hukumpa namba.

Kuhusu sensa za mtumba zilizotolewa kwenye injini zilizokatwa, sizipendi, na sifichi. Sensa huzeeka. Zile zenye kipasha joto hutajiwa umri wa karibu kilomita 160,000, nayo injini iliyokuja kwenye kontena huenda imeshazipita. Zaidi ya hapo huwezi kujua kama injini ile ilikuwa ikichoma oili au kupitisha kulanti (maji ya kupozea injini), vitu viwili vinavyoipaka ncha na kuiua. Kati ya mtumba wa chapa ya Denso na mpya ya boksi lisilojulikana, ningekusanya pesa miezi miwili ninunue Denso au NTK mpya. Kuna zile za kuunga nyaya mwenyewe, ambazo ni nafuu na halali kabisa, ila zisiunganishwe kwa lehemu. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganisha kupitia ndani ya nyaya zake, na lehemu huziba njia hiyo. Bana kwa viungio vinavyokuja nazo. Na gundi ya silikoni ya gasketi isikaribie ekzosi wala injini bila kuhakikisha imeandikwa kuwa haidhuru sensa, kwa sababu mvuke wake huiua mpya ndani ya muda mfupi.

Nikiulizwa nani afungue, jibu langu linategemea sensa iko wapi. Ikiwa juu, unaiona ukifungua boneti, mkono unafika na nati haijaliwa kutu, fungua mwenyewe jioni ukiwa na muda, na ukifurahia kazi hiyo ni faida nyingine. Ikiwa imejificha upande wa dashibodi chini ya bati la kukinga joto, au iko chini kabisa ya gari, mpelekee fundi ukiwa umebeba sensa uliyoichagua kwa namba, simama karibu, na uondoke na ile kuukuu mkononi.

Jirani yangu aliipangusa sensa yake ya zamani kwa tambara lenye petroli. Chini ya masizi ilikuwa imeandikwa 89467. Alirudi Gerezani, akaongeza pesa, akabadilishiwa, akaifunga mwenyewe kwa mara ya pili, na mpaka leo taa haijawaka. Nauli za safari mbili na siku moja ya kazi aliyokosa zilimla zaidi ya ile elfu kumi aliyokuwa anaikimbia. Spana namba 22 bado anayo, na juzi nilimkuta uani na multimita mpya, akipima kipasha joto cha gari la shemeji yake kabla hawajaenda dukani.