Usiku wa Forodhani, pimia uso, usipimie taa

Roli yangu ya kwanza ya filamu ya ISO 800, ile ya kasi, inayopokea mwanga upesi, niliimaliza kwenye soko la vyakula la usiku la Forodhani, Unguja, kwa usiku mmoja. Picha 36. Nilipokwenda kuichukua, fundi aliyeisafisha aliinyanyua negativu dirishani, akaniambia kwa upole, "Hapa hamna kitu, kaka." Taa zilikuwepo. Kila balbu ya kila meza imetoka kali na safi. Watu ndio hawakuwepo. Mzee wa juisi ya miwa, niliyempiga picha sita kwa zamu, alibaki kofia na gurudumu la mashine. Uso wake umezama kwenye weusi uliochanganyika na ukungu wa kijani.

Fundi hakuwa na kosa. Kosa ni langu, na naliona likirudiwa na karibu kila anayeanza: tunadhani ile 800 ya kwenye boksi ni ruhusa ya kubana mwanga. Mimi naamini kinyume chake. Filamu ya kasi, gizani, ndiyo inayotaka kupewa mwanga kwa ukarimu zaidi.

Waliokulia kwenye kamera za dijitali wamezoea kuhofia sehemu zenye mwanga mkali, kwa sababu pale zikishaungua hazirudi. Negativu ya rangi ina tabia nyingine. Izidishie stopu moja au mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili), itavumilia. Inyime stopu moja, vivuli vinajaa chembechembe na rangi ya tope, na hakuna kompyuta itakayotoa sura ambayo haikuingia kwenye filamu.

Sasa fikiria meza ya Forodhani: balbu tupu inaning'inia juu ya mishikaki, na nyuma yake bahari nyeusi. Balbu ikiingia kwenye fremu, kipimo cha kamera kinaamini mwanga upo tele. Kwa hiyo siku hizi nasogea kwanza (baada ya salamu na ruhusa, bila shaka), mpaka shavu la mtu lijae kwenye kioo cha kuchungulia. Napima hapo, narudi nyuma, napiga bila kugusa kitu kingine. Ngozi nyeusi huifanya kamera iongeze mwanga kuliko inavyotakiwa, nami naiacha iongeze. Lenzi ya 50 mm tundu lake likiwa limefunguliwa sana, f/2, mara nyingi napata 1/30 ya sekunde pale nilipotumia 1/60 usiku ule. Naegemeza kiwiko kwenye ukuta, natoa pumzi, nangoja mzee aache kuzungusha gurudumu achukue muwa mwingine. Mkono ukicheza kidogo, na ucheze. Uso umetulia.

Wapo wanaoniambia, basi mwombe fundi aizidishe kwenye dawa. Filamu za rangi husafishwa kwa dawa ya nyuzi joto 37.8, dakika 3 na sekunde 15, na kuongeza nusu dakika huinyanyua picha kiasi fulani. Lakini kinachonyanyuka zaidi ni kile ambacho tayari kilipata mwanga. Balbu inazidi kuwa kali, na uso unabaki kule kule shimoni.

Kwetu sisi jambo hili si la kiufundi tu. Kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley kwa jina la mwanamitindo wa Kodak. Miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Linaniuma kila nikilikumbuka. Filamu za leo, Portra 800 kwa mfano, ni bora sana kwa ngozi zetu. Ndiyo maana sikubali uzembe wa kupima utupotezee nyuso ambazo filamu yenyewe sasa inaziweza.

Vijana wengi wanaipenda CineStill 800T, na ninaelewa kwa nini. Ni filamu ya sinema ya Kodak, Vision3 500T, iliyoondolewa lile tabaka jeusi la mgongoni linalomeza mwanga uliopenya. Bila tabaka hilo mwanga mkali hugonga nyuma, hurudi, na kukutana kwanza na tabaka linalopokea wekundu. Ndiyo maana kila taa huvaa pete nyekundu. Barabarani inapendeza. Ila kwenye meza ambapo balbu iko shibri moja kutoka kwenye kichwa cha muuzaji, pete ile inamwagika mpaka shavuni. Tena filamu hiyo imetengenezewa balbu za zamani za njano, za 3200 K (kipimo cha rangi ya mwanga). Chini ya LED nyeupe za siku hizi watu wanatoka na ubluu wa baridi. Mimi nabaki na Portra. Ikiwaka rangi ya chungwa karibu na makaa, hewala, makaa ndivyo yalivyo.

Mzee wa miwa nilimrudia kwa roli nyingine, kisha nikampelekea picha iliyochapwa. Alijifuta mikono kwenye shati, akaisogeza chini ya balbu, akaiangalia muda mrefu huku wateja wakingoja.

"Mwanangu, mpaka kovu limeonekana," akasema, akagusa nyusi ya kushoto. "Nilianguka mwembeni, nina miaka tisa."