Kitufe Changu Kilivyogeuka Jini

Mteja aliponipigia simu hakusema kuna hitilafu. Alisema kuna jini. "Mwanangu, kumbukumbu zinajifuta. Mtu hajafuta chochote, mstari unaondoka." Nikacheka kile kicheko cha fundi anayejiamini kupita kiasi, nikamwambia majini hayajui JavaScript.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepewa kazi ya kutengeneza vijenzi vya wavuti: kitufe, kadi, jedwali, vitu ambavyo mtu anavipachika kwenye ukurasa wowote kwa kuandika tagi moja. Mteja alikuwa na tovuti tatu, kila moja na mandhari yake. Moja nyeupe, moja ya rangi za giza, na ya tatu ina zambarau ambayo sitaizungumzia hapa. Sharti lilikuwa moja tu: kitufe ni kilekile, ila kikiingia nyumba ya mtu kivae nguo za nyumba hiyo.

Nguo nilikuwa nazo. Nimetumia Bootstrap, ile fremuweki ya mitindo iliyoshonwa tayari, miaka mingi, nikiamini hakuna mandhari itakayonishinda. Shida ni kwamba kijenzi changu kinaishi ndani ya DOM ya kivuli, yaani chumba chake cha faragha ndani ya ukurasa, na kivuli kile kina ukuta. Mitindo ya ukurasa haiingii, ya ndani haitoki. Darasa la `btn`, lile la Bootstrap la kuvika vitufe, uliloliandika kwa mbwembwe likifika mle ndani halijulikani na mtu. Mara ya kwanza kitufe kilitoka na ile kijivu ya kivinjari, kama mwalikwa aliyekuja harusini na nguo za kulalia. Nikaweka `!important`, neno la kulazimisha mtindo, kwenye CSS ya ukurasa, yaani maagizo yake ya mitindo. Hakuna kitu. Nikaongeza nyingine, kana kwamba ukuta ni kiziwi.

Baadaye nikapata akili, au nilidhani nimeipata. Nikakata kipande cha CSS ya fremuweki, pamoja na lile fungu la vigeu (majina yanayobeba thamani kama rangi) linaloanza na `:root`, nikabandika kila kitu ndani ya kivuli. Halafu nikaandika kitufe cha Futa kwa mkono wangu: rangi ya nyuma `var(--bs-danger)`, yaani kigeu cha wekundu cha Bootstrap, maandishi meupe, fremu hakuna. Nikafungua ukurasa wangu wa majaribio. Kitufe chekundu, msimbo wa rangi `#dc3545` kamili, kinapendeza hadi unatamani kufuta kitu. Nikakabidhi kazi, nikalala fofofo.

Sasa turudi kwa jini. Mteja akanionyesha skrini yake. Jedwali lipo, mistari ipo, lakini upande wa kulia peupe kabisa.

"Mama, kitufe cha Futa kiko wapi?"

"Kitufe gani? Sisi tulijua hujakimaliza, tukaona haya kukuuliza."

Kumbe wafanyakazi wake walikuwa na mazoea ya kubofya mahali patupu pembeni ya mstari kabla ya kuanza kuusoma. Akawa anasogeza kipanya huku ananieleza, na mimi nikaona mshale unageuka kidole, kama unavyofanya juu ya kitu cha kubofya. Hakuna kitu pale, lakini kidole kimesimama. Damu ikanikimbia.

"Mama, usi..."

Mstari ukaondoka.

"Umeona?" akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

(Ule ujumbe wa "Una uhakika?" nilikuwa nimeuahidi kwenye toleo la pili. Namshukuru aliyejenga hifadhidata: kumbukumbu zilikuwa zinawekewa alama ya kufutwa tu, zikarudishwa zote.)

Nikakaa na msimbo usiku kucha. `:root` maana yake ni elementi ya html, na html iko nje ya ukuta. Ndani ya kivuli `:root` haina wa kumshika, kwa hiyo fungu langu lote la vigeu halikufanya kazi hata dakika moja. Basi kwangu kitufe kilipata wapi wekundu? Vigeu vya CSS ni kati ya wachache wenye kibali cha kuupita ukuta ule, kwa kuwa hurithiwa. Ukurasa wangu wa majaribio ulikuwa umepakia Bootstrap nzima, vigeu vyake vikateremka hadi ndani. Kwa mteja Bootstrap haikuwepo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa sijui hata kwamba nimeazima.

Kibaya zaidi, kivinjari hakilalamiki. Kigeu kisipopatikana, rangi ya nyuma inakuwa uwazi mtupu. Hata ile kijivu niliyoidharau hairudi. Maandishi meupe, ukurasa mweupe, kitufe kizima kiko macho kinangoja kubofywa. Kwenye tovuti ya giza neno "Futa" lilikuwa linaelea peke yake, na watu wakadhani ni ubunifu.

Nikabadilisha `:root` kuwa `:host`, yaani kijenzi chenyewe. Kitufe kikajitokeza, chekundu, kwenye tovuti zote tatu! Nikashangilia. Kisha nikaisoma tena sentensi hiyo: chekundu kwenye tovuti zote tatu. Kigeu kikitangazwa kwenye kijenzi chenyewe kinakishinda kile kilichorithiwa kutoka juu. Tovuti ya zambarau inaagiza rangi yake huko juu, kitufe kinajifanya hakisikii. Kwanza kilikuwa uchi, sasa kilikuwa mkaidi.

Dawa ilikuwa kutotangaza chochote. Nikaandika `var(--rangi-futa, #dc3545)`: nyumba ikiwa na rangi yake, vaa hiyo, ikiwa haina, vaa uliyotoka nayo kwenu. Mstari mmoja. Ulinichukua siku tano, na kwenye ankara sikuueleza kwa kirefu.

Kitufe sasa kinaonekana kila mahali, hata kwenye ile zambarau. Ila jedwali lile lina safu nyingine tupu, upande wa kushoto, ya kuacha nafasi tu. Nimemwapia mteja kwamba haina kitu. Nimemfungulia msimbo akatazama mwenyewe. Mpaka leo hakuna mfanyakazi wake anayepitisha kipanya pale.