Gari Linalozima Likipata Moto Lichunguzwe Likiwa Bado na Moto

Kwa muda wa miezi minne pikapu yangu ya mwaka 1990, yenye injini ya petroli na kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa ikinizimikia njiani kila ilipopata moto. Asubuhi iliwaka mara moja, ikatoka Uyole, jijini Mbeya, na kufika Kiwira bila tatizo, lakini wakati wa kurudi, ikiwa imesheheni mikungu ya ndizi na kuupanda mwinuko wa kuelekea Isongole, ilikata ghafla kama taa. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu, tukasubiri dakika 20 hivi, nayo ikawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Geji ya joto haikupanda hata siku moja na maji ya rejeta hayakupungua, kwa hiyo haikuwa injini iliyochemka.

Katika miezi hiyo nilibadilisha plagi zote nne, chujio la mafuta na pampu ya mafuta, na kabureta ikafunguliwa na kusafishwa mara mbili. Kila nilipolipeleka gari gereji, lilifika likiwa limepoa au lilipoa likisubiri zamu yake. Likawashwa, likaunguruma vizuri, na fundi akachagua kipuri cha kubadilisha kwa kukumbuka gari jingine aliloliponya zamani. Siwalaumu mafundi hao peke yao. Naamini sisi wenye magari ndio tuliowazoesha hivyo, kwa sababu tunalipa bila kunung'unika bei ya kipuri na ya kukifunga, lakini fundi akitaka alipwe kwa nusu siku aliyoitumia kuutafuta ugonjwa, tunamwona mwizi.

Ugonjwa wa namna hii hukamatwa ukiwa upo. Dalili ya kwanza ni jinsi gari linavyozima: likikosa mafuta, kwa kawaida hupoteza nguvu, hukohoa na kuvutavuta kabla ya kunyamaza, likikosa cheche ya umeme ya kuwashia petroli kwenye plagi, hukata papo hapo. Dalili hiyo inaelekeza tu, haitoshi kununulia kitu. Petroli iliyo kwenye bomba linalopita karibu na injini ya moto inaweza kugeuka mvuke, na huko Isongole, juu ya mita 2,000, jambo hilo hutokea kwa urahisi zaidi kuliko Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, kwa kuwa mgandamizo wa hewa unapopungua kimiminika huchemka kwa joto dogo zaidi. Kuna pia kofia ya tenki ambayo tundu lake la hewa limeziba. Hiyo huwadanganya wengi, maana gari huzima baada ya mwendo fulani na mtu husingizia joto, kumbe ni mafuta yaliyotoka tenkini bila hewa kuingia mahali pake, hadi pampu ikashindwa kuvuta. Anayeifungua kofia hiyo mara tu gari linapozima, akasikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, amefika karibu sana na jibu kabla hajashika spana.

Mwishowe nilimwomba fundi mmoja kijana tusafiri pamoja hadi Kiwira na kurudi na mzigo uleule, tukakubaliana nimlipe shilingi 40,000 kwa siku yake, tupate tusipate. Gari lilizima mahali palepale. Akafungua kofia ya tenki, kimya. Akaondoa kifuniko cha chujio la hewa, akachungulia ndani ya kabureta huku akivuta kwa mkono waya wa kanyagio la mafuta, na petroli ikarushwa kama inavyotakiwa. Akarudisha kifuniko, akasubiri harufu ya petroli iishe kabisa, na hapo sitasahau uangalifu wake, kwa sababu nimeona watu wakiunguza magari kwa haraka ya dakika moja. Kisha akachomeka plagi nzima aliyokuja nayo kwenye waya wa plagi, akailaza ikigusa chuma cha injini, akaniambia, "Mzee, piga stata." Hapakuwa na cheche. Muda usiozidi dakika kumi ulikuwa umeiondolea lawama njia yote ya mafuta, pamoja na ile pampu niliyoitupa ikiwa nzima.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonishawishi kuandika makala haya. Kama tungengoja dakika 20, kila kitu kingepoa kwa pamoja, na gari lingewaka bila sisi kujua ni kipi kilichopona. Yeye alizima swichi, akajaza maji ya baridi kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga barabara na kuulaza juu ya koili peke yake, ile inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi. Baada ya dakika chache tukajaribu tena, hakuna cheche. Akauhamishia mfuko kwenye ignaita, kile kisanduku cha elektroniki kinachokata na kurudisha umeme wa koili. Safari hii cheche ilikuja, kali na ya buluu, na injini ikawaka ilhali chuma chake bado kilikuwa hakishikiki. Ndani ya kifaa cha aina hiyo huweza kuwamo kiungo chenye ufa usioonekana kwa macho. Kikipashwa joto huachana, kikipoa hugusana tena. Kukipima asubuhi kikiwa baridi ni sawa na kumpima mgonjwa wa homa siku ambayo homa imeshuka.

Ignaita niliyoinunua Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya, iliyotoka kwenye gari lililovunjwa, ilinigharimu shilingi 60,000, na muuzaji alikubali tuipandishe kwanza hadi Isongole na mzigo kabla hajapokea fedha. Ukijumlisha na siku ya fundi, nilitumia chini ya nusu ya zile nilizopoteza kwa kubahatisha.

Kwa hiyo naomba wenye gereji waandike ukutani bei ya kutafuta ugonjwa, kando ya bei ya kumwaga oili, na wenye magari tuilipe hata siku ambayo hakuna kipuri kilichofungwa. Na fundi, kabla ya kufungua boneti, amuulize mteja gari linazimia wapi, likiwa na mzigo gani, baada ya muda gani, na linakaa dakika ngapi ndipo liwake.